Ngao, winchi na aibu yangu njiani kwenda Mbaga

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na baadhi yenu mmeniuliza kama nimetundika kalamu. Sijatundika. Nilikuwa nyumbani, Same, na nimerudi na kisa ambacho kila nikikaa kukiandika nilikuwa naona haya. Leo nimeamua kukimwaga hapa kama kilivyo, maana naona vijana wenzangu wengi wa Dar, Arusha na Moshi tunaumwa ugonjwa mmoja. Ugonjwa wa kuvalisha magari.

Mnajua ninachosema. Mtu ananunua gari la mtumba linalovuta magurudumu yote manne, yaani fowili. Kabla hata hajabadilisha oili, anaanza kulivika. Ngao ya chuma mbele. Taa nne juu ya paa. Keria. Winchi. Bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo kama pua ya tembo. Springi za kuliinua. Likikamilika, linapigwa picha. Halafu Jumatatu linakwenda kazini Posta na kurudi Tabata, na bonde pekee linalovuka ni lile la Jangwani.

Siwacheki. Mimi ni mmoja wenu.

Gari langu ni Toyota Hilux Surf ya zamani, ya umri unaotosha kupiga kura. Nililipenda kwa sababu lina chesisi kama ya pikapu, na kwa sababu bei yake iliendana na mshahara wa mwandishi wa habari, ambao wote mnaujua. Kwa miezi kadhaa nilikuwa napita Shaurimoyo kila nikipata vijisenti. Leo nanunua taa, mwezi ujao keria, mwezi mwingine ngao. Winchi niliipata kwa mtu aliyekuwa anahama. Desemba ilipofika nilipakia mzigo wote nyuma nikaelekea Upareni, zaidi ya kilomita 400, nikiwa na wazo moja kichwani: nitavifunga mwenyewe, nyumbani, chini ya mwarobaini wa mama.

Kwa nini nyumbani? Kwanza fundi wa Dar alinitajia bei ya kufunga iliyonifanya nicheke. Pili, nilishaangalia video kama ishirini kwenye mtandao za Wazungu wakifunga vitu hivyo hivyo, wakinywa kahawa, bila hata kutoka jasho. Tatu, na hili ndilo la kweli, nilitaka majirani waone.

Msaidizi wangu alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye anajifunza ufundi pale mjini. Tulifanya kazi siku mbili. Mama alikuwa anatuletea makande na kusimama kidogo kutuangalia. Siku ya kwanza akauliza, "Hivyo vyuma vyote vya nini baba, unakwenda vitani?" Nikamwambia ni usalama, mama. Akaenda zake.

Sasa sikieni tulivyofunga huo usalama.

Ngao haikulingana na matundu ya chesisi, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya gari la toleo jingine. Tukatoboa matundu mawili mapya kwenye vyuma vyepesi vinavyoshika bampa, tukakaza boliti nne, tukaitikisa kwa mikono. Haikucheza. Tukaridhika. Winchi tukaiweka hapo hapo juu ya ngao. Taa za kwenye keria tukaziunga moja kwa moja na betri, kwa waya uliokuwepo nyumbani, bila fyuzi. Jioni ya pili tuliziwasha, ua mzima ukawa mchana, mbwa wa jirani wakabweka. Nikapiga picha milima ikiwa nyuma ya gari. Mlioiona mliipenda, nawashukuru.

Kitu kimoja sikukigusa: tairi. Zilikuwa zile zile zilizokuja na gari.

Siku ya tatu tukapata taarifa ya msiba Mbaga, upande wa mama. Mama mdogo na ndugu wengine watatu wakaingia ndani ya gari langu jipya la vita. Kwa wasiopajua, ukitoka Same unashuka kidogo na barabara kuu ya kwenda Dar, kisha unakunja kushoto kwenye barabara ya vumbi, unapita Mwembe na kuanza kupanda. Same mjini ni pakavu, jua linachoma na vumbi linatimka. Lakini milima ile inakamata mvua. Shengena, kilele cha Upare, kina mita 2,462, na ukipanda kuelekea huko unaweza kuacha jua chini na dakika chache baadaye ukawa kwenye ukungu na udongo mwekundu uliolowa. Na Desemba mvua za vuli zinakuwa bado zina lake.

Tulipoingia kwenye ukungu nikawasha taa zangu kwa fahari. Mama mdogo akasema anasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikamwambia ni breki za lori lililotangulia. Hapakuwa na lori. Moshi ulipoanza kutokea pembeni ya boneti nikazima haraka, nikafungua, nikakuta waya umeyeyuka ganda. Nikauchomoa betrini kwa kitambaa. Tukaendelea.

Kona mbili mbele gari likateleza. Sikuwa na mwendo mkali. Liliondoka tu, taratibu, kama limeitwa, likaingia mtaroni upande wa mlima. Namshukuru Mungu kwa hilo la upande wa mlima, maana upande wa pili ulikuwa hewa tupu. Nikaingiza fowili. Magurudumu yote manne yakazunguka vizuri sana, na gari halikusogea hata inchi. Tairi kipara zikiwa nne zinateleza mara nne, basi.

Nikasema, hapa ndipo penye winchi. Nikavuta waya wake, nikaufunga kwenye mti, nikabonyeza. Ikaunguruma, ikavuta, na mbele ya ndugu zangu wote ngao ikaanza kuondoka bila gari. Ilipinda kwanza, kisha boliti mbili zikachanika na kipande cha chuma chake. Mdogo wangu alikuwa ananiangalia mimi, mimi nikaangalia mti.

Baada ya kama nusu saa ikashuka Land Rover ya zamani, zile ambazo milimani kwetu zinabeba abiria, ndizi na magunia ya tangawizi kwa pamoja. Haikuwa na taa za ziada wala winchi. Ilikuwa na minyororo kwenye magurudumu ya nyuma, jembe moja, mbao mbili na kamba nene ya katani. Dereva ni mzee. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba huku tayari anaangalia chini ya gari langu. Akaipitisha Land Rover yake, akasimama nyuma yetu ili anivute kurudi nyuma.

Akataka kutoa kamba yake. Mimi, bado nina kiburi, nikatoa ukanda wangu mpya wa kuvutia nikauchomeka kwenye kile kipete cha chuma kilicho chini ya bampa la nyuma. Mzee akawaambia watu wote wasogee, wapande juu kwenye ukingo. Mama mdogo alikuwa amesimama katikati ya magari mawili akipanga kanga yake. Mzee akamwita kwa sauti kali, "Mama, toka hapo!" Akatoka, akiwa amenuna kidogo kwa kukaripiwa.

Land Rover ikavuta, ukanda ukanyooka. Kikasikika kishindo kama bunduki. Kile kipete kilikatika, kikaruka na ukanda, kikapita pale pale aliposimama mama mdogo, kikagonga mlango wa nyuma wa Land Rover na kuacha shimo ambalo ningeweza kuingiza kidole gumba. Hakuna aliyesema neno. Mama mdogo akakaa chini kwenye majani.

Mzee akaja, akalala kifudifudi kwenye tope, akaizungusha kamba yake kwenye chesisi yenyewe, akatufukia mbao chini ya tairi, akatuvuta. Alipomaliza aliniuliza swali moja: "Mwanangu, hii gari umeifunga kila kitu, mbona hujaifunga mahali pa kuvutia?" Nilimlipa mlango wake. Mama mdogo hajanisema mpaka leo, na hilo linaniumiza kuliko kama angenisema.

Haya, hicho ndicho kisa. Sasa hoja yangu.

Hoja yangu ni kwamba tunafunga magari yetu kuanzia juu kushuka chini, wakati mlima unalijaribu gari kuanzia chini kwenda juu. Tunaanza na kinachoonekana kwenye picha. Mlima unaanza na tairi, breki, shokapu, na mahali pa kufungia kamba. Na kila kitu unachokiongeza juu kabla hujamaliza chini hakikusaidii, kinakuongezea hatari wewe na wengine.

Chukua tairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna maandishi ya DOT yanayoishia na tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2314, tairi hiyo imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama muuzaji ameipaka rangi inang'aa. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Niliporudi mjini nikaenda kuzisoma zangu, nikaona aibu ya pili. Na sisi watu wa Same hatuna haki ya kulichukulia tairi kama jambo dogo. Juni 28, 2025, pale Sabasaba, basi na Coaster iliyokuwa imebeba watu wa harusi viligongana na kuwaka moto, watu zaidi ya 35 wakafa. Taarifa ya Ikulu ilieleza kuwa tairi la basi lilipata pancha na dereva akashindwa kulimudu. Wilaya nzima ililia. Fedha niliyotumia kwenye ngao na winchi ingenipatia seti ya tairi mpya za tope.

Chukua uzito. Ngao ya chuma pamoja na winchi ni kama kilo 80 hadi 100, zote zimening'inia mbele ya magurudumu ya mbele. Ni sawa na kumkalisha mtu mzima mwenye kitambi juu ya bampa, safari nzima. Springi za mbele zinalala, taa zinaangalia chini, breki zinafanya kazi ya ziada kwenye kila mteremko. Keria nayo ina kikomo. Watengenezaji wengi huweka mzigo wa paa karibu na kilo 75 hadi 100, na keria yenyewe imo humo humo kwenye hesabu. Kitabu cha gari langu kimeandikwa Kijapani, lakini hicho si kisingizio. Weka magunia mawili ya mahindi huko juu, halafu liinue gari kwa springi ndefu, halafu ingia kwenye kona za milimani zilizoinamia bondeni. Gari refu lenye kichwa kizito linaanguka. Halihitaji mwendo mkubwa.

Chukua umeme. Hii hesabu ningeweza kuifanya kabla, nilisoma fizikia mpaka kidato cha nne jamani. Taa mbili za wati 100 kwenye betri ya volti 12 zinavuta karibu ampea 17. Mimi niliweka nne. Waya mwembamba unageuka pasi ya umeme. Kazi hii inafanyika vizuri kabisa nyumbani, ila kwa utaratibu wake: unatoa kwanza waya hasi wa betri, unanunua waya mnene, unaweka fyuzi karibu kabisa na betri, unatumia relei ili swichi isibebe mzigo wote, na kila waya unapopita kwenye tundu la bati unauvisha mpira ili usikatwe. Vifaa hivyo vyote kwa pamoja ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Nilikuwa navyo mbele yangu pale dukani, nikanunua stika.

Na kile kipete kilichokatika? Nilikuja kuelezwa na fundi mmoja pale Same. Magari mengi ya mtumba yanakuja na vipete vyembamba chini, na kazi yake ni kulifunga gari melini lisicheze baharini. Havikuundwa kuvuta gari lililozama topeni. Mahali pa kuvutia pa kweli panafungwa kwenye chesisi, kwa boliti ngumu zilizoandikwa daraja lake kichwani, si zile za kufungia geti. Hata mpira wa kuvutia tela haufai, nao ukikatika unaruka kama risasi. Kabla ya kuvuta, tupia koti zito au blanketi juu ya ukanda au waya ili ukikatika usiruke mbali, na watu wote waondoke kwenye mstari wake. Niliyajifunza haya kwa gharama ya mlango wa mzee wa watu, na ingeweza kuwa gharama nyingine ambayo sitaki kuiandika.

Najua wapo watakaosema, wewe ulifunga vibaya tu, ungefunga vizuri ngao ingekusaidia. Kweli, nilifunga vibaya. Lakini hebu tujiulize, ngao ni ya nini? Mababa wa ngao hizi ni Waaustralia, ambao wana kangaruu wanaoruka barabarani usiku huku magari yakienda mwendo mkali katikati ya jangwa. Sisi barabara ya Mwembe tuna nani barabarani? Wanafunzi wanaokwenda shule alfajiri. Akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani. Mbuzi. Bodaboda. Bampa la kisasa limeundwa ili linyonyee kidogo linapomgonga mtu, boneti nayo ibonyee. Ngao ya chuma haibonyei, anayebonyea ni yule mtoto. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliziwekea masharti mwaka 2005, na India ikaagiza ziondolewe kwenye magari Desemba 2017. Kwetu barabara ya mlimani ndiyo njia ya miguu pia, hakuna nyingine. Sisi wa Desemba tunapanda na ngao zetu kwenye njia ambayo watu wanatembea mwaka mzima.

Wapo pia watakaosema barabara zenyewe ndizo mbovu, tusimlaumu mwenye gari. Hapo tuko pamoja. Nitaendelea kuandika kuhusu barabara za vijijini, na TARURA, waliopewa kazi hiyo tangu 2017, wana maswali mengi kutoka kwetu. Wakulima wa tangawizi wa Mamba wanahitaji barabara kuliko sisi tunavyohitaji picha. Lakini ubovu wa barabara ni sababu ya kufunga kilicho sahihi, haugeuzi kilicho kibaya kuwa kizuri. Yule mzee wa Land Rover anapita ubovu ule ule mara kadhaa kwa wiki. Gari lake halina kitu hata kimoja cha kupigia picha.

Na wa mwisho watasema, gari langu, hela yangu. Sawa kabisa. Ila waliopanda si wako. Mama mdogo hakuulizwa kama boliti zangu ni za geti.

Simwambii mtu asifunge vitu nyumbani. Kinyume chake, ule muda chini ya mwarobaini na mdogo wangu ulikuwa mtamu, na nitaurudia. Nyumbani unaweza kufanya mengi: umeme kama nilivyoeleza, shokapu na bushi kama una spana sahihi na mtu aliyewahi kufanya. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi au magogo imara. Ukitoboa chuma, paka rangi tundu lisile kutu. Ukishatembea kilomita mia hivi, rudi ukaze kila boliti upya. Lakini kinachoshika uhai wa watu, breki, usukani na mahali pa kuvutia, mpe fundi aliyebobea akikague hata kama umefunga wewe. Bei niliyoicheka Dar leo naiona ndogo.

Nyuma ya gari langu sasa hivi kuna tairi ya akiba yenye upepo, pampu ndogo ya upepo, kipimo chake, jembe, mbao mbili, blanketi la zamani la mama na kamba nene. Tope likizidi, natoa upepo kidogo ili tairi itandazike na kushika, nikifika kwenye lami naujaza tena. Tairi ni mpya, nimezisoma namba mwenyewe. Ngao niliiacha uani kwa mama. Mara ya mwisho nilipopiga simu aliniambia kuku wanalalia pale, na ameniomba nisiiondoe.

Pasaka natarajia kupanda tena Mbaga, katikati ya masika. Nimemwomba mama mdogo tuende wote. Amesema atafikiria.